Mabuti Mawili ya Orrin Stegall

Orrin Stegall alinyongwa zaidi ya mara mia nne, na ni mara moja tu ambapo nusura afe. Siku hiyo ndiyo watu walipiga makofi kuliko siku zote. Anayesema ni mimi niliyeshona mikanda aliyoivaa ndani ya shati, kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia sijui ninachosema.

Jina langu Idella Kroll, fundi wa matandiko ya farasi hapa Tolman Gulch, Montana. Kazi niliirithi kwa mume wangu, aliyepigwa teke la kifua na farasi asiamke tena. Wanaume wa hapa walinicheka mwezi mzima, kisha wakauona mshono wangu wakaufyata.

Ukitaka kumjua Orrin lazima uanze na babu yake, Amos. Januari ya mwaka 1864 mji huu ulikuwa mahema na matope ya dhahabu. Mchimbaji mmoja akaokotwa kwenye theluji, kichwa kimepasuliwa kwa shoka, farasi wake hayupo na dhahabu yake haipo. Sungusungu wa mji, mkubwa wao akiwa Cyrus Haverty, wakasema ni Amos, wakamtoa nyumbani kwake, wakamburuta kwa miguu mpaka kwenye ghala la nyasi na kumtundika kwenye boriti. Mkewe hawakumuuliza hata neno moja. Wangemuuliza, angewaambia kwamba siku ile ya mauaji Amos hakutia mguu nje, maana mkunga alikwama kwenye theluji na ni Amos aliyempokea mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto yule ndiye baba yake Orrin.

Wiki mbili baadaye farasi wa yule marehemu akaonekana zizini kwa Cyrus Haverty. Mjane wa Amos aliposema alichokiona, alichapwa mjeledi barabarani, mchana kweupe, mgongo ukachanika. Basi akanyamaza akamsimulia mwanawe tu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya akina Haverty ilikwenda miaka tisini na saba, na ikatiwa lami.

Orrin alizaliwa mwaka 1905, na akiwa na miaka tisa alikuwa ameshajua jina lake linanuka. Shuleni Dwight Haverty, mjukuu wa Cyrus, alimnyanyua akisaidiwa na wenzake wawili, wakamtundika kwa kanda za suruali kwenye kulabu ya kuangikia makoti. "Mjukuu wa kitanzi! Shingo haikuwashi?" Alining'inia pale somo zima, mwalimu anaandika ubaoni anajifanya haoni. Alipotua chini alichukua chuma cha kuchokolea moto wa jiko, akamvunja Dwight mtulinga. Tangu siku hiyo wale wawili hawakuwahi kupeana mkono, walipeana ngumi tu.

Sitamsafisha. Orrin alikuwa mtu wa kutisha. Alifanya kazi kwenye mashine ya kuchota mchanga wa mto kutafuta dhahabu, akachunga ng'ombe, akakata magogo, na kila alipokwenda kuna mtu aliondoka na meno pungufu. Nusu ya sikio lake la kushoto iling'atwa na binamu wa Dwight kwenye baa, na binamu mwenyewe akatolewa pale kwa ubao kama gunia. Mkewe, Nettie, alivumilia miaka sita. Orrin hakuwahi kumpiga, Nettie mwenyewe aliniambia, lakini alichoka kufua damu za watu wengine kwenye mashati, akafungasha akarudi kwao Idaho. Orrin alimsindikiza mpaka kituo cha basi, kisha akaja dukani kwangu akalia mbele yangu bila haya. Nilimpenda? Kamuulize mwingine.

Dhahabu ilipokwisha kabisa, mji ukaanza kuishi kwa watalii. Mwaka 1950 kamati ikaamua kuwe na onyesho la kumnyonga Amos palepale ghalani, saa nane mchana, mara nne kwa wiki, kiangazi chote. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Dwight Haverty. Mkuu wa sungusungu kwenye onyesho? Dwight Haverty. Mtu wa kunyongwa hakupatikana, mpaka Orrin akasimama kwenye mkutano akasema yeye atanyongwa.

Nilimfuata nje. "Orrin, una wazimu? Unakwenda kunyongwa na Haverty kwa hiari yako?"

"Anayenyongwa hupewa nafasi ya kusema, Idella," akasema. "Tangu nizaliwe sijaona mahali pengine ambapo mji huu wote unafunga mdomo unisikilize mimi."

"Na maneno kaandika Dwight!"

"Nitayasema ya Dwight. Mpaka siku watakapokuja watu wa maana."

Kwa hiyo viangazi kumi na kimoja nilimsikia akisema maneno yale, meno yameumana: "Nimeua, nimeiba, kamba hii ni haki yangu." Kila mara roho iliniuma.

Mtambo wa kumnyonga bila kumuua niliutengeneza mimi. Mikanda ya ngozi ya ng'ombe kifuani na mapajani, ndani ya shati, na pete ya chuma mgongoni. Kutoka kwenye boriti unashuka waya wenye kulabu, umefichwa nyuma ya kamba. Mnyongaji, naye ni Dwight mwenyewe, anaingiza kulabu kwenye pete, kisha anapiga teke kasha alilosimamia mtu. Kitanzi nilikiunga kwa uzi wa pamba tu, kikivutwa kinaachia. Orrin alining'inia kwa mikanda yangu akirusha miguu, na kwa kurusha miguu hakuwa na mpinzani, watu walitoka Wyoming kuja kumwona. Kila onyesho alilirusha buti la kushoto kwa watazamaji, wakaligombea, baadaye wakarudisha.

"Buti moja ni mchezo," aliniambia. "Yakitoka mawili, Idella, njoo na kisu."

Nilicheka nikamwambia aache uchuro.

Kiangazi cha 1961 serikali ilikuwa inatembeza vibao vya shaba Montana nzima: ngome za zamani, viwanja vya vita, migodi, njia za wavumbuzi, kila mahali palipotambuliwa na taifa kuwa pa kihistoria. Zamu yetu ikafika. Akaja bwana wa suti ya kijivu kutoka Washington, wakaja na waandishi wa magazeti. Kibao kikafunikwa kitambaa kando ya ghala, kifunuliwe baada ya onyesho. Orrin alinyoa ndevu asubuhi ile mpaka akajikata.

Saa saba niliwakuta nyuma ya ghala. Dwight kamkaba Orrin kola ya shati. "Leo utasema nilivyoandika. Ukitia neno lako, nitakuonyesha alivyokufa babu yako."

Orrin alimpiga kichwa cha uso, Dwight akakaa chini kwenye mavi ya farasi, pua inachuruzika. Nikaingia kati yao na fimbo ya kupimia ngozi, nikawachapa wote wawili kama mbwa. "Mna miaka hamsini na sita, hamwoni aibu!"

Dwight alijifuta, akaingia ndani, akatoka na kamba mpya ya katani. "Ya kwako imechakaa, Mama Kroll. Wageni wa Washington watatuona washamba."

"Ya kwangu ina uzi. Hiyo haina uzi, itamkaba kweli."

"Anashikwa na kulabu, si na kamba. Kwani kazi yako mwenyewe huiamini?"

Nikamtazama Orrin. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Iache, Idella," akasema. "Leo ndiyo leo." Nami nikaiacha. Hilo mpaka leo linanikaa hapa kooni.

Akapandishwa jukwaani mikono imefungwa nyuma. Kitanzi shingoni. Dwight nyuma yake, pua imevimba, kofia ya mkuu wa sungusungu kichwani. Mimi nilikuwa ubavuni mwa jukwaa, mahali ninapouona mgongo wa Orrin na mkono wa Dwight. Watu wakanyamaza.

"Mimi ni Amos Stegall," Orrin akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Sikuua mtu. Siku ile nilikuwa nyumbani, nampokea mwanangu. Aliyeua ni…"

Kulabu ilikuwa inchi moja kutoka kwenye pete. Niliuona mkono wa Dwight ukiachia. Waya ukarudi ukagonga nguzo, kisha akapiga teke kasha.

Buti la kushoto likaruka. Watu wakacheka, wakalikimbilia. Makofi. Na hapo likatoka buti la kulia.

Lo! Makofi yakazidi maradufu. Bwana wa suti ya kijivu alisimama kabisa, anapiga makofi mikono juu. Mimi nilikuwa nimeshapanda ngazi na kisu changu cha kukatia ngozi, kile cha makali ya mviringo. Dwight akanizibia njia. "Unaharibu onyesho, mwanamke!"

"Thubutu kunigusa!"

Akathubutu. Alinishika nywele akanivuta chini mpaka goti likapasuka. Nikamchana mkono kuanzia kwenye kifundo hadi kiwiko, ngozi ikafunguka, damu ikaturukia wote wawili, na wale wendawazimu chini wakashangilia kama wako kwenye mieleka. Nikalisimamisha kasha, nikapanda, nikamkumbatia Orrin kiunoni kwa mkono mmoja, kwa mwingine nakata. Kamba mpya ngumu. Pigo la kwanza, la pili, la tatu. Tukaanguka pamoja, mbavu zangu mbili zikavunjika chini yake. Uso wake ulikuwa rangi ya zambarau, ulimi nje.

"Anakufa kweli, wapumbavu nyie!" nikapiga kelele.

Wakanipigia makofi na mimi.

Daktari mmoja mtalii, wa mstari wa mbele, ndiye aliyeona macho ya Orrin akajua macho yale hayaigizwi. Akapanda, akafanya alichofanya kwenye koo lile, na Orrin akavuta pumzi, mlio kama msumeno kwenye mti mbichi. Hapo ndipo mji ukanyamaza.

Alipona, lakini koo lilikuwa limepondeka ndani. Sauti haikurudi tena, ulibaki mnong'ono wa kusikiwa na mtu aliyesogeza sikio. Mahakama ikasema kulabu iliteleza, bahati mbaya. Nikasema niliuona mkono. Wakasema nilikuwa na hasira. Kweli nilikuwa nayo, na kwa kumchana raia mwema Haverty nikapewa siku thelathini katika jela yetu ya zamani, ambayo nayo ni ya kihistoria, watalii wakinichungulia dirishani na kamera. Mmoja nilimmwagia kahawa. Kibao cha shaba kilifunuliwa siku ya pili yake, kwa heshima zote.

Orrin aliniletea maharage na mkate wa mahindi kila siku. Siku ya kwanza akaweka mdomo kwenye nondo. "Walisikia?"

"Hapana, Orrin. Jina hukulifikia."

Akageuka akaupiga ukuta wa mawe kwa ngumi, tena na tena, mpaka mifupa ya vifundo ikaonekana. Niliingiza mikono kwenye nondo kumshika, haikufika. Nililia kwa hasira siku ile kuliko siku niliyozika mume.

Oktoba kikaja kifurushi kutoka Ohio, kimeandikwa: Kwa mwigizaji anayenyongwa, Tolman Gulch. Ndani mlikuwa na buti la kulia na barua. Nikamsomea pale dukani kwangu. "Bwana mpendwa, katika msisimko tuliondoka na kiatu chako, tuwie radhi. Mke wangu na mimi tumetembelea mahali pengi pa kihistoria magharibi kote, lakini hatujawahi kuona mtu anayekufa vizuri kama wewe. Hongera sana."

Niliikunja barua niitupe kwenye jiko. Orrin akanishika mkono. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, bila sauti, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kovu la shingo. Akavuta karatasi ninayoandikia vipimo vya tandiko, akaniwekea mbele, akaleta mdomo sikioni kwangu.

"Andika," akanong'ona, na mimi nikaandika anavyosema, neno kwa neno.

"Bwana wa Ohio, asante kwa buti. Siku ile nilikatwa kabla sijamaliza kusema, na wewe uliketi karibu, kwa hiyo namalizia kwako. Babu yangu Amos Stegall hakuua mtu. Aliyeua ni Cyrus Haverty. Tafadhali mwambie na mkeo, na majirani."

Akatia sahihi yake mwenyewe, kubwa. Akalivaa buti, akakanyaga mara mbili likae sawa, akavuka barabara mbele ya duka la Haverty kwenda posta.