Taa Mbili Nilizozitoa kwenye Amplifaya ya Kaka

Kaka yangu alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, mkewe, shemeji yangu, alinipa amplifaya yake ya gitaa. Nilivuka ziwa pale Busisi kwenda kuichukua Sengerema, nikarudi nayo nyumbani Kiseke nimeipakata. Ilikuwa ya zamani, ile ya taa za kioo zinazokuza sauti: ukiiwasha, nyuma kunawaka rangi ya makaa.

Tatizo lilikuwa ukali wake. Jumapili ya kwanza kanisani mabati yalitetemeka, watoto wachanga wakalia. Mzee wa kanisa akaniambia, "Mwalimu, tunamwimbia Mungu, hatumfukuzi." Nikipunguza sauti, gitaa linakuwa jembamba, halina uhai.

Nikaenda kwa fundi redio mmoja mjini, mzee aliyekuwa akimtengenezea kaka vyombo vyake. Baada ya shikamoo na pole za msiba akanielekeza: "Taa kubwa ziko nne. Chomoa waya ukutani, acha zipoe kabisa, toa mbili za pembeni, bakiza za kati. Swichi ya spika iko kwenye nane, ishushe kwenye nne ili ilingane na taa mbili. Nguvu itabaki nusu; masikio yataona imepungua kidogo tu, lakini sasa utaweza kuishusha bila gitaa kuwa jembamba."

Jumamosi iliyofuata, mchana, shemeji alikuwa amekuja kututembelea. Ziwa lilikuwa kimya, na wadudu wake wamepanda kama moshi mpaka madirishani, tukafunga kila kitu. Nikazitoa taa mbili, nikaziviringisha kwenye gazeti, nikawasha.

Mngurumo wa amplifaya niliouzoea ulikuwa umeshuka. Gitaa lilikuwa bado ukutani, sijachomeka waya wowote. Ndipo spika ikakohoa.

Mara mbili, kikohozi kikavu. Kaka alikohoa hivyo kabla ya kuanza kila wimbo.

Shemeji alikuwa anachambua mchele. Akainua kichwa. "Umekohoa?"

"Hapana, shemeji."

"Mkeo je?"

"Yuko sokoni."

Ikakohoa tena. Nikanyoosha mkono kuizima, akanishika.

"Iache." Akasogeza kigoda chake karibu na spika, akasema taratibu, "Baba watoto, nipo."

Haikutoa kitu kingine. Tulikaa pale muda mrefu, wadudu wakigonga vioo, hakuna aliyekumbuka mchele.

Kesho yake nilipiga nayo kanisani. Sauti ilikaa vizuri, nene, ya upole, na mzee wa kanisa akanipongeza. Hakujua kwamba nilikuwa naogopa ule ukimya wa kati ya wimbo na wimbo.

Jumatatu fundi akaja nyumbani, nilikuwa nimemwita aisikilize. Akagonga taa moja ndogo kwa penseli, spika ikaitikia: ngo, ngo.

"Hii imelegea ndani, inanasa sauti za chumbani. Zamani mngurumo uliifunika. Mtu akikohoa karibu, inatoa."

"Hakuna aliyekohoa, mzee."

Akanitazama, akamtazama shemeji, kisha akaweka taa mpya. Tangu siku ile amplifaya haijakohoa.

Shemeji aliiomba ile taa mbovu, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Jumanne nilimsindikiza stendi. Basi lilipoanza kuondoka nikampungia mkono, lakini hakuniona. Alikuwa ameiweka ile taa sikioni, na midomo yake ilikuwa inacheza.