Kanda Kumi na Moja za Bwana Haraka

Usiku ule redio ilisema jukwaa la wapaka rangi limeporomoka kwenye jengo la ghorofa tisa, katika mji anaofanyia kazi mwanangu. Ilisema kuna waliokufa na majina yatatolewa baadaye. Halafu ikapiga muziki.

Namba yake ya simu sikuwa nayo. Mwenye nayo alikuwa kaka yangu, ambaye nyumba nzima humwita Mjomba Picha kwa sababu anapiga picha za harusi, na alimwapia mwanangu kuwa hatanipa. Basi nikakaa kwenye kiti cha jikoni, simu nimeilaza juu ya kitambaa kikavu, nikasubiri kaka yangu ampate, ndipo anipate mimi. Mume wangu alikaa karibu na mlango, kiatu cha mteja mkononi. Ni fundi viatu. Alikuwa akiingiza sindano na kuitoa.

"Nenda kalale," aliniambia.

"Lala wewe."

"Mimi nashona."

"Unashona nini bila uzi?"

Akaitazama ile sindano, akaiweka chini.

Simu ililia alfajiri, kabla ya jogoo wa jirani. Niliipokea kwa mikono miwili.

"Dada, mzima," alisema Mjomba Picha. "Hakuwa juu. Alikuwa ameshuka kuchanganya rangi."

Hapo ningemshukuru Mungu, nikakata simu. Lakini mdomo wangu una miguu yake. "Si nilisema mimi?" nikasema. "Si nilisema juu hapamfai?"

Kaka yangu alishusha sauti. "Dada, walioanguka ni wenzake. Wawili alikuwa akikaa nao chumba kimoja. Usirudie kusema hivyo, hata ukiwa peke yako."

Mwanangu wanamwita Ngazi. Jina hilo walimpa wapaka rangi, lakini hata kabla yao alikuwa mtu wa kupanda. Akiwa na miaka minne nilimkuta juu ya kabati, amekaa kama mgeni aliyekaribishwa. Akiwa na miaka sita alipata homa, akashikwa na degedege. Mara moja tu. Daktari alisema ni homa, litaisha, na kweli halikurudi tena. Ila mimi nilikuwa nikishona mashuka katika hospitali hiyohiyo. Mashuka yaliyochanika yalikuwa yakiletwa kwangu, na mengine nilijua yametoka wodi ya watoto, nikijiuliza aliyelalia amekwenda wapi. Daktari nikamjibu ndiyo, ndiyo, na sikumwamini. Tangu siku hiyo sikumwondolea mtoto macho. Akikohoa, nipo. Akicheka sana, nipo pia, maana kicheko kikizidi huwa nasikia kama kilio.

Miaka hiyo televisheni ilikuwa na mchezo wa kuchekesha kila Jumatano usiku, habari za nyumba ya Bwana Haraka. Bwana Haraka alikuwa karani wa posta mwenye haraka zake: siku moja alimpeleka shule mtoto wa jirani, wake akamwacha kitandani. Mkewe, Bi Subira, ndiye aliyekuwa akipanga kila alichopangua yeye. Kila Jumatano lazima mtu mmoja anune, abebe kifurushi, atoke na kuapa hatarudi. Leo mama mkwe, wiki ijayo kijana mkubwa, hata Bwana Haraka mwenyewe aliwahi kutoka, akasahau kifurushi. Na mwisho wa mchezo ulikuwa uleule. Mlango unagongwa. Wote wanatazamana. Bi Subira, bila kuinuka, anasema: "Umeegeshwa tu, ingia." Nyumba yetu yote ilikuwa ikiyasema maneno hayo pamoja naye.

Siku moja Ngazi akamuuliza mjomba wake, "Mjomba, mchezo ukiisha unakwenda wapi?"

Swali hilo lilimkaa kaka yangu. Mashine ya kurekodi televisheni hatukuwa nayo, lakini yeye alikuwa na kamera kubwa ya harusi. Jumatano iliyofuata akaja nayo, akaiweka juu ya stuli, akaielekeza kwenye televisheni, akabonyeza. "Sasa hauendi popote," akamwambia mtoto. Alifanya hivyo kwa wiki kumi na moja, mpaka kamera ikaharibika. Mtu aliyerekodi harusi mia alisahau kuwa kamera ina masikio.

Kanda zile hatukuzitazama. Zilikaa kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, kisha boksi likahamia kwa Mjomba Picha, na mtoto akakua. Alipofika miaka ishirini aliingia kwenye rangi. Alianza kwa kupiga msasa, akapewa brashi, akapewa rola, na mwaka wa pili msimamizi akampandisha jukwaani. Alikuja nyumbani jioni ile na doa la rangi nyeupe kwenye nyusi, hakutaka kulifuta. "Mama," alisema, "nikiwa kule juu naona paa la hospitali yenu. Naona hata nguo zako kwenye kamba."

Mimi nilichosikia ni kule juu.

Sikulala siku tatu. Siku ya nne nikachukua kadi yake ya kliniki ya utotoni, nikaenda nayo kazini kwao, nikamwonyesha msimamizi lile neno degedege lililoandikwa na daktari. Nikamwambia mwanangu huwa anaanguka. Nilisema "huwa". Msimamizi aliisoma kadi mara mbili, akainua uso, akaita mbele ya watu wote: "Ngazi! Shuka!"

Wenzake walicheka hadi wakaweka ndoo chini. "Ngazi, shuka, mama kaja na maziwa yako!" "Jamani mshikeni, asije akaota meno huko juu!" Akashuka taratibu, hatua moja moja. Alipofika chini hakunitazama. Akapewa ufagio. Habari zikatembea, na kila alikokwenda kuomba kazi ya juu aliulizwa kuhusu kuanguka. Baada ya mwezi akafunga begi. Nilisimama mlangoni, nikamwambia maneno mengi. Yeye alisema machache: "Mama, umenimaliza." Hiyo sasa ni miaka mitano. Kule alikokwenda hawakuijua kadi, wakampandisha.

Siku ya tatu baada ya jukwaa kuporomoka, Mjomba Picha akaja nyumbani. Hakukaa.

"Ameuliza kitu," alisema. "Zile kanda za Bwana Haraka bado zipo?"

"Ameuliza yeye?"

"Yeye. Anasema chumba kimekuwa kimya mno."

Nilikaa chini. Katika miaka mitano hilo lilikuwa neno la kwanza la mwanangu kufika ndani ya nyumba hii. Nikamwambia kaka yangu azitoe kanda zote, azihamishie kwenye flashi, na kwanza aje tuzione mimi na mume wangu tusije tukampelekea mtoto kanda ya harusi ya watu.

Akaja na kompyuta yake. Picha ilikuwa inacheza na rangi zimechujuka, Bwana Haraka kijani, Bi Subira kijani. Lakini sauti! Palikuwa na kicheko cha mume wangu, kile cha tumboni, ambacho nilikuwa nimesahau kuwa anacho. Palikuwa na Mjomba Picha akisema, "Tulieni, narekodi." Na palikuwa na sauti ya mtoto, nyembamba kama uzi, ikicheka kabla ya watu wengine kucheka. Mume wangu akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vinanata gundi.

Mchezo ukafika mwisho. Mlango wa Bwana Haraka ukagongwa, na mara sauti kali ya mwanamke ikapasua chumba: "Huo ni wetu? Huo ni mlango wetu unagongwa?"

"Nani huyo anapiga kelele?" nikauliza.

Mume wangu alinitazama kuona kama natania. "Si wewe?"

"Wa kwenye televisheni!" yule mume wangu wa kwenye kanda akajibu.

"Hata kama! Wewe mtoto, nenda kaangalie mlango kama umefungwa!"

Tukasikia miguu midogo ikikimbia. Televisheni ikasema, na sebule nzima ikasema nayo, "Umeegeshwa tu, ingia!" Aliyenuna akaingia, akakumbatiwa, watu wakapiga makofi, muziki ukaanza. Ndipo miguu midogo ikarudi.

"Umefungwa, mama."

"Na komeo?"

"Na komeo. Baba, nani amerudi?"

"Utaona wiki ijayo."

Tukatazama ya pili. Nikafanya vilevile. Ya tatu, ya nne. Kwenye ya saba mtoto anaomba, "Mama, ngoja kidogo," nami nasema, "Mwizi hangoji." Kanda kumi na moja, mara kumi na moja. Hakuona mwisho hata mmoja.

"Nilikuwa nafanya hivi kila wiki?"

"Kila wiki," mume wangu alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unaongea."

Mjomba Picha alikohoa. "Dada, naweza kukata pale unapopiga kelele."

"Ukikata, na mwisho unaondoka?"

"Unaondoka. Vimekaa pamoja."

Nikafikiri usiku mzima. Asubuhi nikamwambia asikate. Nilijiambia, sasa atakaa, hakuna wa kumtuma, ataona kila aliyetoka akirudi, atamsikia Bi Subira mara kumi na moja. Labda maneno ambayo mimi siwezi kuyasema atanisemea yeye.

Mjomba Picha akasafiri na ile flashi. Aliporudi alisema, "Aliipokea kwa mikono miwili. Hata kuniaga hakuniaga vizuri." Kwa maneno hayo niliishi Jumatano tatu. Kila Jumatano jioni nilifua pazia la sebule ingawa lilikuwa safi. Simu haikulia.

Jumatano ya nne nilivaa viatu.

"Hujaitwa," alisema mume wangu kutoka kwenye benchi lake.

"Mama haitwi."

"Ndiyo maana," akasema, akarudi kwenye kiatu chake. Kisha akainuka, akanifunga mkanda wa kiatu changu cha kushoto, ambao siku zote hulegea. Akasema, "Ukifika, sema umekosa. Basi. Usiongeze kitu."

Kaka yangu aliapa kutonipa namba ya simu, lakini anwani kwenye bahasha ya flashi aliiandikia mezani kwangu, na mimi nina macho. Safari nzima nilifanya mazoezi. Nimekosa, mwanangu. Nimekosa, mwanangu. Abiria mwenzangu alidhani nasali, akapunguza sauti ya simu yake.

Nilifika jua limeshazama. Lilikuwa jengo la vyumba vya kupanga, korido ndefu, taa moja, namba za vyumba zimeandikwa kwa brashi na mkono unaojua brashi. Nje ya mlango wake palikuwa na jozi tatu za buti zenye rangi. Mbili zilikuwa na vumbi, za akiba za wenzake wawili, hakuna aliyezigusa tangu siku ile. Ya tatu ilikuwa imepasuka ubavuni. Nilitamani kuibeba nikampelekee baba yake.

Kabla sijagonga nilisikia muziki wa Bwana Haraka. Nikaegemea ukuta. Ndani mume wangu alicheka kile kicheko chake. Ndani mtoto wangu alicheka, na juu ya kicheko cha mtoto, kicheko kingine, kizito, cha mwanamume. Nilikuwa sijawahi kukisikia. Kilikuwa kizuri. Moyo wangu ukafunguka kama dirisha.

Nikagonga.

Sauti ya mchezo ikakatwa. Miguu mitupu ikaja, si kwa kukimbia. Ikasimama. Niliona kivuli chake chini ya mlango.

"Nani?"

"Mimi. Mama."

Nikasikia mkono ukigusa komeo. Nikasikia chuma kikianza kusogea, polepole, kama mtu anayevuta uzi asiyetaka ukatike. Maneno mawili tu. Nilikuwa nayo mdomoni, yamelainika kwa kutafunwa njia nzima.

"Usipande tena, mwanangu," nikasema.

Chuma kikasimama.

Nikaweka kiganja mdomoni, lakini yalishatoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Tulikaa hivyo, yeye na mimi, ubao mmoja katikati. Nilisikia anavyopumua. Kisha komeo likarudi mahali pake, bila hasira, likaingia hadi mwisho.

"Umefungwa, mama," alisema.

Alisema taratibu, kwa adabu, kama mtoto aliyetumwa na amefanya alichotumwa. Miguu ikarudi ndani. Kiti kikalia. Mchezo ukaendelea pale ulipokatwa, na niliwasikia wote waziwazi, baba yake, mjomba wake na Bi Subira, wakisema kwa sauti moja umeegeshwa tu, ingia, na makofi yakapigwa, na muziki.

Nikasimama pale na buti jozi tatu. Alitazama mwisho wa pili, na wa tatu. Taa ya korido ikazimwa. Mlango haukufunguliwa.