Kabla Mgeni Hajapiga Miayo

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta mgeni amelala fofofo kwenye kiti, fimbo ya kuvulia ameibana katikati ya magoti, na samaki anauvuta mshipi wake. Mimi niliyezaliwa Majanji, ambako ziwa liko mlangoni, sikuhitaji kuambiwa la kufanya. Niliruka niikamate ile fimbo. Mara nikahisi nimeshikwa kola ya sare yangu mpya.

"Mama, acha!" alisema Bwana Msimamizi. "Mwamshe mwenyewe."

"Samaki atakwenda, bwana."

"Akienda, aende mgeni akiona. Mwamshe!"

Nikamtikisa yule mgeni, fundi wa mitambo aliyekuja kupumzika siku yake ya mapumziko. Aliamka akidhani ameitwa kazini, akavuta kwa nguvu zake zote, mshipi ukakatika, samaki akapiga mkia na kuzama. Nilisubiri matusi. Badala yake yule bwana alisimama kwenye tope akicheka mpaka machozi yakamtoka, huku akituonyesha kwa mikono urefu wa samaki aliyemponyoka. Hakulala tena. Alikaa mpaka tulipofunga geti, na Jumamosi iliyofuata alirudi, akatuonyesha tena kwa mikono, na samaki alikuwa ameongezeka urefu.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya uangalizi wa ukingo. Ninyi mnaoianza sasa mmekuta mabanda, mabenchi na hata vyoo vya maji. Sisi tulianza na mabwawa yaliyochimbwa chini ya vilima vya Osukuru, nje ya mji wa Tororo, na viti vya plastiki. Bwawa moja lilikuwa la ngege, yaani perege, jingine la kambale. Wageni walikuwa wafanyakazi wa viwandani, walimu, na mawakala wa forodha wa Malaba waliochoka kusikia honi za malori. Kila mwangalizi alipewa kipande chake cha ukingo, na wageni wote waliokaa hapo walikuwa mzigo wake tangu asubuhi hadi jioni.

Nilikuwa nimetoka kuuza samaki sokoni, na baba yangu alikuwa mvuvi maisha yake yote. Kwetu kuvua kulikuwa chakula. Baba alirudi nyumbani akiwa amelowa na amechoka, lakini sikumbuki hata siku moja akisema amechoshwa na uvuvi. Kwa hiyo nilishangaa kuona mtu mzima analipa ili akae alipokaa baba, kisha baada ya muda mfupi anatazama saa yake.

Bwana Msimamizi alinifundisha kazi. Alikuwa mtu mrefu mkimya, havui gambuti zake za mpira hata wakati wa chakula. Alinionyesha kufunga ndoano kwa fundo lisiloteleza, na kubana chubwi, yaani kile kipande cha risasi kinachozamisha chambo. Alinionyesha kuweka chelezo, kijiti chepesi kinachoelea na kukwambia samaki amegusa. Chambo tulikanda wenyewe: ugali uliolala, uliochanganywa na unga wa mukene, wale dagaa wa ziwani. Mikono ilinuka mpaka kanisani.

"Chelezo ni ya mgeni kutazama," aliniambia. "Wewe mtazame mgeni."

Basi nikajifunza kumtazama mgeni. Anayeanza kuchoka huanza kwa kubadilisha chambo kila mara, ingawa chambo hakina kosa. Kisha macho yake hutoka kwenye chelezo yake na kuhamia kwa jirani. Baada ya hapo simu hutoka mfukoni. Akishauliza chakula kitakuwa tayari lini, umeshampoteza. Kila dalili ilikuwa na dawa yake: kwa ya kwanza, mhamishe kidogo, kwa ya pili, mwambie habari za samaki waliopatikana hapo, kwa ya tatu, mpe wavu wa kusaidia wengine kutolea samaki majini. Kwa ya nne hakukuwa na dawa zaidi ya kuharakisha chakula.

Amri moja Bwana Msimamizi hakuichezea. Viti vyote vilikaa mbalimbali, kiasi kwamba mtu akirusha mshipi kwa kishindo usimfikie jirani. Mishipi miwili ikivukana majini hujiviringisha, nasi tuliita hali hiyo kusokotana. Kuifungua ni kazi ya nusu asubuhi, na mara nyingi unalazimika kukata na kupoteza ndoano zote mbili.

"Mishipi ikisokotana, wenyewe watagombana," alisema. "Na waliogombana hawarudi."

Nilitii amri hiyo miaka yote niliyokaa Tororo, na nilipohamishiwa Busia nilikwenda nayo.

Mabwawa ya Busia yalikuwa upande wa Buhehe, katikati ya mashamba ya muhogo, mahali pazuri kuliko Osukuru. Mkubwa wetu pale alikuwa Mama Meneja, mwanamke mchangamfu aliyetoka kazi ya hoteli, ambaye sauti yake ilifika ng'ambo ya bwawa bila kipaza sauti. Alinipokea kwa kunikumbatia, akanipeleka moja kwa moja ukingoni.

"Nabwire dada yangu, ona," alisema. "Wageni yangu nalala kwa kiti. Nakuja mara moja, nachoka, nakwenda, harudi."

Ilikuwa kweli. Mwenye mabwawa, ambaye aliishi mbali na sisi, alikuwa amekwisha kutuma neno kwamba kama mambo hayatabadilika kabla ya mvua, angeyakausha na kupanda mpunga. Kulikuwa na wapishi, walinzi, wachimbaji, na sisi waangalizi, na karibu wote tulikuwa na watoto shuleni.

Mama Meneja hakukaa kimya. Kwanza alileta spika kubwa na muziki. Wageni walicheza, fimbo zikabaki chini, na samaki wakakimbilia upande wa pili. Kisha akaagiza samaki wasipewe chakula siku chache ili wawe na njaa. Hapo nilidhani tumepona, kwa sababu chambo hakikufika chini kabla hakijadakwa. Mgeni mmoja alishangilia samaki wake wa kwanza. Samaki wa pili alimpokea kwa tabasamu. Wa tatu alimtoa kama mtu anayetoa maji kisimani. Chai ilipoletwa alikuwa amekwisha kuuliza njia ya kwenda stendi. Sijaona watu wakichoka haraka namna ile, na ndoo zao zimejaa.

"Sasa wanataka nini?" Mama Meneja aliniuliza.

Jumamosi moja walikuja wazee wawili na vijana wawili. Msichana aliitwa Athieno, wa Kirewa upande wa Tororo, na kijana aliitwa Ouma, wa Busia upande wa Kenya. Walikuwa wachumba. Wazee walikuwa baba zao. Athieno alinivuta kando akaninong'oneza karibu kulia.

"Shangazi, tusaidie. Kila kitu kilikuwa kimekubaliwa, imebaki mahali pa harusi tu. Baba anataka Kirewa, baba yake Ouma anataka kwao Kenya. Sasa hawasalimiani. Wakirudi nyumbani hivi, harusi imekufa."

"Na mmewaleta kuvua?"

"Tumewaambia ni kupumzika. Tumekosa kingine."

Baba yake Athieno, Mzee Owori, alikuwa mkulima mnene mwenye kofia ya majani. Baba yake Ouma, Mzee Wandera, alikuwa dereva wa lori mstaafu, mwembamba, shati limepigwa pasi. Kwa amri ya kazi niliwaweka mbalimbali. Mzee Owori alibadilisha chambo mara tatu. Mzee Wandera alitoa simu kabla chelezo yake haijatulia. Nilizunguka kati yao na dawa zangu zote, hakuna iliyoshika.

"Mama," Mzee Owori aliniita, "hii kazi ya kuangalia maji mimi sioni maana yake. Nyumbani ng'ombe yangu nangoja."

Mzee Wandera naye alikuwa ameanza kukunja mshipi wake. Nikamwona Athieno amefunika uso kwa mikono.

Sijui kilichonipa ujasiri. Nilichukua kiti cha Mzee Owori, nikakibeba, nikakiweka kandokando ya kiti cha Mzee Wandera. "Samaki wamehamia huku," nikasema. "Jaribuni kidogo tu, wazee wangu, kisha mwende."

Wakaketi bega kwa bega, kila mmoja akitazama upande wake. Wakarusha. Mishipi ikavukana hapo hapo. Nilikuwa nataka kwenda kuichukua niifungue, chelezo zote mbili zikazama kwa pamoja.

"Hii samaki ni yangu!" alipiga kelele Mzee Owori akiruka kitini.

"Ni wangu huyu, bwana! Ameshika ndoano yangu!" Mzee Wandera alijibu, akivuta upande wake.

"Wewe navuta kwenda wapi? Vuta huku!"

"Nikivuta huko atakata! Legeza, mzee, legeza!"

"Mimi nalegeza, wewe navuta. Sasa!"

Alikuwa kambale, na alikuwa mkubwa. Aliwavuta wote wawili mpaka matope yakawafika vifundoni, kofia ya Mzee Owori ikaelea majini, shati la Mzee Wandera likasahau pasi. Wageni wengine waliacha fimbo zao wakaja kushangilia, na Mama Meneja alikuja mbio na mwiko mkononi. Mimi niliingia na wavu. Tulipomtoa yule kambale na kumlaza kwenye nyasi, tulikuta ndoano zote mbili zimo mdomoni mwake.

Wazee walitazamana. Mzee Owori alianza kucheka polepole, tumbo likitikisika, halafu Mzee Wandera akashindwa kujizuia. Wakashikana mabega wakacheka mpaka wakakaa chini kwenye tope.

Nilipofungua ule msokoto, walisaidia wao wenyewe, vichwa vyao viwili vimeinama juu ya mshipi mmoja. Ilichukua muda mrefu. Ndipo nikawasikia wakizungumza.

"Mimi si mtu mbaya," alisema Mzee Owori. "Lakini mama yangu ni mzee. Nataka yeye aone mjukuu yake naolewa. Mpaka hawezi kuvuka, gari ya mbali namtapisha."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," alisema Mzee Wandera. "Mimi nilidhani unatudharau. Ndugu zangu wengi hawana vitambulisho, watakwama mpakani. Naona aibu kuwaambia hawawezi kuja."

Kisha Mzee Wandera akamgeukia Mama Meneja. "Hapa kwenu na mpakani pana umbali gani?"

"Mwendo wa mguu tu, mzee wangu."

"Basi harusi iwe hapa: mama yake huyu bwana hatavuka chochote, na watu wangu nitakwenda kuwaombea ruhusa ya siku moja mwenyewe kwa maofisa wa pale. Dereva kama mimi anajulikana."

Harusi ikafanyika kando ya bwawa la kambale. Bibi yake Athieno aliletwa asubuhi na mapema, akawekwa mbele kabisa kwenye kiti chenye mto, akaimba kuliko wasichana. Ndugu wa Mzee Wandera walivuka kwa makundi, na maofisa wawili waliowapitisha walikuja baadaye kula. Baada ya chakula nani alianza sijui, lakini niligeuka nikaona watu wa Kirewa na watu wa Kenya wameshika fimbo, wawiliwawili, wakigombania samaki kwa Kidhopadhola, Kisamia na Kiswahili.

Jumatatu Mama Meneja aliviuza viti vya plastiki akamwita seremala. Tulitengeneza mabenchi ya watu wawili. Mishipi ilisokotana kila siku, nasi tukanunua ndoano zaidi. Wageni waligombana kidogo, wakafunguana, wakarudi Jumamosi nyingine na ndugu zao. Mwenye mabwawa hakutaja mpunga tena. Bwana Msimamizi alipotutembelea kutoka Tororo, alilitazama benchi kwa muda mrefu, akaketi, akavua gambuti zake. Ilikuwa mara ya kwanza kuona miguu yake.

"Lete fimbo," aliniambia, "na uketi hapa."

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza mvuvi wa starehe hufurahi kwa muda gani kabla hajachoka. Nawajibu kwamba nimeona wanaochoka kabla ya chai na wanaofukuzwa na giza, na sijawahi kukisia sawasawa kwa kumtazama mtu sura. Samaki wengi humchosha mtu, samaki wachache humchosha mtu. Anayekaa sana ni yule aliye na wa kumwambia, "Umeona? Umeona yule?"

Wiki niliyoaga kazi wenzangu walinipa fimbo mpya yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, nikaenda kuvua kama mgeni kwa mara ya kwanza. Nilimchukua dada yangu Taaka, ambaye bado anaanika mukene Majanji na hajawahi kukaa bure maishani mwake. Njia nzima alinicheka. Kuvua samaki usiyemuuza, alisema, ni ugonjwa wa watu wa ofisini.

Niliketi nikarusha. Chelezo ilitulia. Nikabadilisha chambo. Nikafikiria maharage yangu yanayotaka kupaliliwa, nikatazama kama mabenchi yamefutwa vumbi, kisha nikapiga miayo mirefu mpaka taya likalia. Nilimpa Taaka fimbo anishikie, nikaenda jikoni kumsalimia Mama Meneja.

Nilikaa jikoni sana. Niliporudi, dada yangu alikuwa amevua viatu, ameikunja kanga magotini, na alikuwa ananitazamia chelezo bila kupepesa. Nilinyoosha mkono niipokee fimbo. Hakunipa. Nikaketi pembeni yake, nikasubiri. Wageni wengine wakaanza kuondoka, mlinzi akaja kusimama karibu na geti na funguo zake.

"Taaka, twende," nikasema. "Jua linazama. Bodaboda anatungoja."

"Tangulia," alisema dada yangu, bila kugeuka. "Huyu ameanza kugusa."