Mtabiri wa Meza ya Kumi na Nne

Mimi Kabibi sina tabia ya kumsifu Nahashon. Miaka sita mfululizo nimesugua sufuria la pilau kwa sababu yake, lile kubwa ambalo ukiinama kulisugua unazama mpaka mabegani. Mtu aliyekufanyia hivyo unamsalimu tu kwa kuwa ulilelewa. Lakini ya mwaka huu lazima niyaseme mimi, maana yeye mwenyewe akiyasimulia huyakata nusu, na ile nusu anayoikata ndiyo tamu.

Nahashon ni mtu wa Murang'a. Alikuja Pwani kwa kazi ya wiki mbili, kupanga viti vya harusi hapa hotelini kwetu Kikambala, na wiki mbili zake zina miaka kumi na tisa sasa. Amepanga nyumba Mtwapa, ana mke, ana binti aitwaye Wanjira, na ana kitambi anachosema amekirithi. Kazi yake ni ukumbi: meza, viti, vitambaa, maua. Akitandika kitambaa cha meza, hata nzi huona haya kutua. Kiswahili chake, pamoja na miaka yote hiyo, bado kinapanda mlima. Nikimsahihisha ananiambia, "Wewe Kabibi wacha maneno mingi, chakula iko tayari ama haiko?" Nami nanyamaza, maana mara nyingi huwa hakiko.

Sasa, kila mwaka hoteli yetu hupokea sherehe ya Tuzo za Filamu za Mwambao. Waigizaji huja kutoka Malindi, Lamu, Mombasa, wengine mpaka Nairobi. Sherehe huanza saa nane mchana ili wageni warudi makwao mapema. Sisi wa jikoni tuna mchezo wetu. Kabla ya saa sita kila mtu anaandika kwenye karatasi majina ya washindi anaowadhania. Atakayekosa mengi zaidi ndiye mwenye sufuria la pilau.

Mimi filamu hizo huzitazama zote. Zote! Natazama kwenye simu huku nakuna nazi, mpaka mume wangu analalamika kwamba tui lina vipande vya kifuu. Halafu nachagua kwa moyo, nakosa yote. Nahashon yeye akikaa mbele ya filamu dakika kumi anakoroma. Huandika wa mwisho, akijidai ana shughuli nyingi za ukumbi, na majina aliyoandika ndiyo yanayosomwa jukwaani. Miaka sita hajakosa hata moja. Wako waliosema ana mganga wake Kaloleni. Mimi nilisema ni bahati ya mtu wa bara, wanaijua kuitafuta.

Mwaka huu mambo yalipinduka kwa sababu ya Pamela, mwosha vyombo wetu, binti wa Mzee Randu wa Ganze. Mwaka jana watu wa filamu walikuja Kuruwitu wakitafuta mwanamke wa kuigiza mjane wa mwalimu, na Pamela siku hiyo alikuwa na mapumziko. Wakamwambia alie juu ya jeneza. Mwanangu wee! Alilia mpaka yule aliyelala ndani ya jeneza naye akaanza kushusha pumzi kwa huzuni, ikabidi warudie. Filamu ikatoka, na Pamela akatajwa miongoni mwa wanawake watano wanaowania tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Jikoni tulipiga vigelegele, meneja akaja mbio na kizima moto.

Lakini kwao Ganze habari hiyo ilipokewa kama msiba. Jirani alimwonyesha Mzee Randu kipande kwenye simu. Mzee akamwona binti yake amejifunga kanga, anagaagaa, anamlilia mume. Na mume wa Pamela, Chengo, yu hai, mzima wa afya, anakula sima sahani mbili! Kwa mzee yule, kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo. Akatoa neno moja tu: hatakanyaga nyumbani kwa Pamela, wala Pamela asikanyage kwake. Hilo lilidumu miezi minane. Nilimwona Pamela mara nyingi akiosha sahani huku machozi yanadondokea kwenye povu, na hapo hapakuwa na kamera.

Siku tatu kabla ya sherehe, Pamela akamfuata Nahashon kwenye stoo ya vitambaa. Mimi nilikuwemo natafuta aproni, na sikutoka, kwa nini nitoke?

"Baba Wanjira," Pamela akasema, "wewe hujawahi kukosea. Niambie kweli, nitashinda?"

"Kwa nini unauliza sasa?"

"Nikishinda nataka baba awepo. Nataka aone watu wakisimama kunipigia makofi, huenda moyo wake ukalainika. Lakini nikimleta halafu nishindwe mbele ya macho yake, basi. Atasema Mungu mwenyewe amenikataa. Sitampata tena, Baba Wanjira."

Nilitarajia Nahashon aseme ngoja siku yenyewe, kama anavyotuambia sisi kila mwaka. Lakini wiki moja kabla ya hapo nilimwonyesha ile filamu kwenye simu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusinzia. Alitazama hadi mwisho, akajifuta uso kwa kitambaa cha meza kilichokwisha pigwa pasi, halafu akanigombeza mimi eti vitunguu vyangu ni vikali. Sasa alimtazama Pamela, akasema, "Lete mzee. Utashinda."

Mzee alikataa kupokea simu ya binti yake, kwa hiyo Nahashon akampigia yeye mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Mimi naitwa Nahashon. Mimi ndiye najuanga washindi. Miaka sita sijakosa. Mwaka huu ni Pamela, kuja uone."

Mzee akauliza, "Wewe ni mganga?"

"Hapana mzee. Mimi ni mtu wa meza."

"Mganga wa meza sijawahi kumwona," mzee akasema. "Nitakuja nikuone."

Siku ya sherehe, saa nne asubuhi, nilikwenda ukumbini kuuliza idadi ya sahani. Nikamkuta Nahashon peke yake, ameketi meza ya kumi na nne, ameshika tama. Meza hiyo ndiyo aliyopangiwa Pamela, pembeni kabisa, karibu na mlango wa choo. Katikati yake palikuwa na maua marefu, yamesimama kama yanamsubiri mtu.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Kabibi, nimeharibu maisha ya mtu."

Hapo ndipo aliponitobolea siri. Kila mwaka, asubuhi ya sherehe, mama mmoja wa kamati ya tuzo huja na karatasi yake, akamwambia meza kadhaa zikatwe maua yawe mafupi, ili kamera iwaone wenyeji wa meza hizo bila kizuizi. Na wenyeji wa meza hizo ndio wanaoitwa jukwaani. Hapana mganga, hapana ndoto, hapana bahati. Mwaka huu mama amepita tayari. Ametaja meza ya pili, ya tano na ya tisa. Ya kumi na nne hakuitaja.

"Maua!" nikasema. "Miaka sita nimezama kwenye sufuria kwa sababu ya maua! We mwizi! We laghai! Tena unakula pilau langu na kuomba ukoko!"

Nilimtukana kwa Kiswahili, kikaniishia, nikahamia Kigiriama. Hakujitetea hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana Nahashon hujitetea hata akisalimiwa.

"Ile siku ya stoo sikujua kitu," akasema. "Nilisema tu vile nilitaka iwe."

Hasira ikanitoka yote. Kwa nini? Kwa sababu hivyo ndivyo ninavyotabiri mimi miaka yote. Namchagua ninayempenda, nakosa, nasugua. Kumbe mwenzangu naye anajua kupenda mtu ashinde! Nilimhurumia, wallahi nilimhurumia.

"Mzee amefika wapi?"

"Amepita Kilifi. Hawezi kurudi sasa."

Akainuka, akaninyang'anya mkasi wa samaki uliokuwa mfukoni mwa aproni yangu, akaanza kuyakata maua ya meza ya kumi na nne.

"Wewe, maua ndiyo yanayochagua washindi?"

"Najua hayachagui. Lakini kamera imwone. Hata kidogo tu, imwone."

Ukumbi mzima ulikuwa wazi na mama wa kamati angeweza kurudi wakati wowote. Nikamshikia chombo cha maua, tukakata haraka, mengine nikayaficha ndani ya aproni.

Saa nane Mzee Randu akaingia. Koti la kijivu, kofia ya mkeka, bakora. Nahashon akamwamkia, mzee akaitikia marahaba, akamkagua kuanzia viatu, akafika kwenye kitambi, akasimama hapo kidogo. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Haya. Tutaona."

Akaketi karibu na Pamela bila kumwangalia. Pamela alivaa gauni la kijani. Upande wa pili alikuwa Chengo, hai kabisa, jasho linamtiririka. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni na sinia tupu, kisingizio changu.

Ilipofika zamu ya mwigizaji bora wa kike, wakaonyesha vipande vya wale watano kwenye skrini kubwa. Cha Pamela kilikuwa cha mwisho. Analia, kanga inamdondoka, kamasi zinamtoka, anamwita marehemu kama mtu anayemwita mwenzake aliyesahau kitu nyumbani. Mpiga kamera alipoona maua mafupi akadhani ndiyo meza yenyewe, akaja mbio, na uso wa Mzee Randu ukatokea kwenye skrini, mkubwa kama ukuta. Alikuwa ametoa leso.

Mshereheshaji akafungua bahasha. "Cherop!"

Meza ya tano. Mwigizaji wa Nairobi, mrembo, naye alilia kwenye filamu yake, wanja haukuharibika. Watu wakapiga makofi. Pamela akainamisha kichwa mpaka sikuona tena uso wake. Nahashon alikuwa kando ya nguzo, amefumba macho, na mimi roho yangu ilikuwa imeanguka chini ya friji.

"Hapana!"

Mzee Randu alikuwa amesimama. Bakora juu.

"Nimesema hapana! Yule amelia bila kamasi!" Ukumbi ukageuka. Cherop, aliyekuwa amekwisha fika jukwaani, akasimama na tuzo mkononi. "Mimi nimezika wazazi. Nimezika wake wawili. Nimezika ndugu sita! Machozi bila kamasi ni machozi gani hayo? Mnanidanganya mimi? Huyu wangu amelia mpaka nimemwona mamake!"

Watu wakacheka, halafu kicheko kikakatika, halafu makofi yakaanza. Meza moja ikasimama, ya pili ikasimama, Cherop naye akaiweka tuzo chini akapiga makofi kwa mikono miwili, mpaka ukumbi wote ukawa umesimama umeielekea meza ya karibu na choo. Sinia likaniponyoka, na sikuliokota.

Mzee hakujali makofi. Alikuwa anamtafuta mtu. "Yuko wapi mganga wa meza?"

Nahashon akajikokota mpaka pale. "Nisamehe mzee. Nilikosea."

"Hukukosea wewe. Wamekosea wale wenye bahasha."

Akaketi. Akaishika bakora kwa mikono miwili, akamwangalia Chengo kwa muda mrefu, mpaka Chengo wa watu akaanza kujipapasa.

"Pamela," mzee akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwake kwa miezi minane. "Abee, baba."

"Huyu hajafa."

"Hajafa, baba."

"Basi niliogopa bure." Akakohoa. "Sikiliza. Siku yangu ikifika, unililie vile vile. Usipunguze hata kidogo."

Pamela akapasuka hapo hapo, akamwangukia babake begani, kilio cha kutikisa viti.

"Si leo!" mzee akasema, huku anamfuta uso kwa leso yake na kwa mkono mwingine anaivuta sahani ya pilau. "Si leo, mwanangu. Leo nina njaa."