Siku Niliyopima Kitambaa cha Mama Mkwe

Hii aibu nimeificha miaka mingi, lakini mke wangu ameanza kuwasimulia watu kwa njia yake, kwa hivyo afadhali mnisikie mimi.

Miaka ya tisini nilikuwa na studio ndogo ya picha mjini Nyeri, na nilikuwa nikimchumbia Wambui wa Ruring'u. Baba yake, mwalimu mstaafu, alikuwa amenunua televisheni kubwa kutoka kwa mwanajeshi mmoja mzungu aliyekuwa akihama Nanyuki. Jumapili hiyo aliwaita wazee wa ukoo wake waje kutazama video ya harusi ya dada yake Wambui, na baada ya chai hao hao ndio wangeamua wazee wangu waje lini kubisha hodi kuleta posa.

"Hii TV picha yake iko na ukungu," mzee akaniambia asubuhi.

Ningenyamaza tu. Badala yake nikatoa kipima mwanga changu cha studio (kile unachoelekeza kwenye kitu, mshale ukuambie mwanga umezidi au umepungua) na kusema hiyo ni kazi ndogo.

Sasa, kitambaa cheupe cha kufuma kilikuwa kimening'inia mbele ya kioo cha TV karibu nusu, na mimi, mtu ambaye hajapeleka hata mbuzi mmoja wa mahari, ningeanzaje kushikashika kitambaa cha mama mkwe? Nikapima hivyo hivyo. Mshale ukasema mwanga umezidi, nikapunguza mwanga wa TV, ukasema bado umezidi, nikapunguza tena, jua la dirishani likazidi kuwaka na mshale ukazidi kupanda, hadi kidude cha kuzungusha kikafika mwisho na mimi sielewi tena ni nini kinaendelea. Kioo nilikiona cheusi, ndiyo, lakini nikajiambia mashine haiwezi kukosea.

Wazee wakaingia, wakaketi. Video ikaanza: vigelegele, kwaya, pasta akiomba, na kioo ni giza tupu.

"Kijana, hapa hakuna picha," mmoja akasema kwa upole.

"Picha iko, mzee," nikamwonyesha mshale. "Labda ni macho."

Mama Wambui akainuka, akakitoa kitambaa, akakikunja, na mshale wangu ukalala chini kabisa.

"Kwani ulikuwa unapima kitambaa yangu?" akauliza, na yeye pia alikuwa amechanganyikiwa kweli.

Wambui akazungusha kile kidude na dada yake akatokea akikata keki, safi kabisa. Nilicheka peke yangu.

Baada ya chai baba yake Wambui akanisindikiza hadi kwenye lango.

"Wazee wamesema ungoje kwanza," akasema. "Ati kama sisi wote tunakwambia hakuna picha na unabishana, msichana yetu akikwambia kitu akiwa peke yake, utamsikiza?"

Nilingoja karibu mwaka mzima, na mpaka leo Wambui akiniambia sioni vizuri, nakubali kwanza, kisha ndipo naangalia.