Kutoka Bwawa la Tanga hadi Ziwa la Kabaka

Bwawa la zamani la mtaani kwetu Tanga liliachwa tulipoletewa maji ya bomba. Majirani walitaka ligeuzwe bustani yenye mashua. Mimi nilitaka lifukiwe. Mwanangu Salim alizama humo akiwa na miaka tisa, na hakuna aliyethubutu kunibishia usoni. Mdogo wangu Rehema, aliyeolewa Kampala, akanipigia simu: "Dada, kabla hujasema neno la mwisho, njoo uone ziwa letu."

Nilikwenda kwa basi kupitia Nairobi. Kulikucha tukiwa mpakani Busia, mvua ikinyunya. Kule Jinja, abiria walinyanyuka kuutazama mto Nile. Mimi nilifumba macho.

Rehema anakaa Old Kampala. Kesho yake asubuhi alinishika mkono, tukapita Mengo mpaka Ziwa la Kabaka, yaani la mfalme wa Buganda. Wanafunzi walikuwa wamekaa na vitabu vivulini, na bibi harusi alikuwa akipigwa picha. Rehema alikodi mashua. Mpiga makasia aliitwa Okello, mtoto wa polisi kutoka kaskazini, aliyejifunza Kiswahili kambini.

"Mama, hii ziwa watu walichimba na mkono," alisema. "Mfalme wa zamani alitaka maji ifike mpaka Nyanza, ile ziwa kubwa. Watu waliteseka sana, wakakataa, kazi ikabaki hapo. Sasa sisi tunapumzika."

Nikamwambia habari za Salim. Aliweka kasia chini.

"Ndugu yangu pia alienda na maji, kule kwetu. Mimi nilikuwa naogopa hata beseni. Halafu nikajifunza kuogelea. Kwangu mtoto hapandi bila jaketi. Hata wewe."

Alinifunga jaketi la kuelea mwenyewe. Katikati ya ziwa nililia kwa sauti, Rehema akiwa amenikumbatia. Okello aliendelea kupiga makasia polepole mpaka nikanyamaza.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza. Tulipokaribia Tanga, bahari ikatokea dirishani, nikaona kosa la hoja yangu: hata bwawa likifukiwa, ile bahari pale mwisho wa barabara yetu nani ataifukia?

Kwenye mkutano wa mtaa nilisema, "Wekeni mashua. Lakini kwanza wekeni uzio, na watoto wetu wafundishwe kuogelea." Mwenyekiti akasema, "Tumekusikia, Mama Salim."

Nilichojifunza safarini ni kwamba mtoto hulindwa kwa kufundishwa maji, si kwa kufichwa maji. Jumamosi iliyopita, kando ya bwawa, mwalimu wa kuogelea aliuliza nani ataanza. Watoto wakatazamana, wakarudi nyuma. Nikakaza kitambaa changu kichwani, nikaingia mimi.