Mgeni Aliyekwaruza Sahani

Jumapili moja baada ya ibada huko Bredäng, Uswidi, tulikuwa tunakula ukumbini, kwaya ikaanzisha wimbo. Mgeni wetu, bibi wa Kibrazili aliyeletwa na mjukuu wake, akainua sahani yake tupu na kuikwaruza kwa kisu: kwaru-kwaru, kwaru.

"Yesu wangu, mgeni hajashiba!" akasema mama wa jikoni, Mkongo wa Bukavu, akamwekea ugali na sombe, kisamvu cha kwao.

Bibi akatabasamu, akala haraka haraka, akakwaruza tena. Akaongezewa. Mara ya tatu mama wa jikoni akashika kiuno. "Mumuongezeye! Kesho atasema siye Wakongo tuko wachoyo."

Mjukuu, aliyekuwa nje na simu, aliporudi alicheka mpaka machozi. Akatueleza kwa Kiswidi kwamba bibi yake ni mwimbaji wa samba ya zamani. Usichanani mwake polisi walikuwa wakinyang'anya ngoma za samba, basi yeye akashika sahani na kisu, maana nani atakamata vyombo vya jikoni? Akaingia navyo studio, akarekodi santuri, na mpaka leo haimbi bila sahani.

Kumbe bibi wa watu alikuwa anakula ili arudishiwe ngoma yake!

Mama wa jikoni akaisuuza sahani, akamkabidhi kwa mikono miwili. Bibi akapiga, akaimba, kwaya ikamfuata mpaka mchungaji akavua koti.

Wimbo ulipoisha, mama wa jikoni akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa ugali wangu, alikuwa anaumeza tu?"

Mjukuu akatafsiri. Bibi akaweka kisu chini, akanyoosha sahani.